Mbwa wetu tulomchukua shelta amekufa, mama bado amuwekea vichwa vya samaki

mkimya_wa_kiembeni

Wadau habarini. Sijui kama hapa ndo mahali pake lakini sina pengine pa kuuliza, kazini nikifungua mdomo watanicheka mpaka mwisho wa mwaka. Mbwa wetu amekufa wiki tatu zilopita, Jumanne alfajiri, na nyumba imekua kama watu wamehama. Nna maswali mawili ila kwanza niwaeleze alikua mbwa wa aina gani, bila hio hamtanielewa.

Tulimchukua Agosti 2014. Mwaka ule tulivunjiwa mara mbili hapa Kiembeni, mara ya pili wezi walibeba hadi sufuria na wali ndani, wali bado watoa moshi. Mke wangu akasema basi tutafute mbwa. Mamangu akasema yeye na mbwa hawalali boma moja, mbwa akiingia yeye arudi zake Kaloleni. Mimi nkaenda kituo kimoja cha wanyama huko njia ya Malindi, wale waokotao mbwa koko na walotupwa na wenyewe, nia yangu nipate jibwa la kutisha watu. Yale ya kutisha yote yalikua yashachukuliwa. Nkaonyeshwa mmoja amejikunyata nyuma kabisa ya kizimba, rangi ya mchanga ulolowa, sikio moja limesimama moja limeanguka, na shingoni ana kovu la waya limemzunguka kama kola. Miaka wakakisia miwili kwa kumtazama meno. Alikua ashahasiwa na ashadungwa sindano ya kichaa, kadi yake ipo, jina limeandikwa Duke. Na hawakunipa siku hio, ilibidi waje kwanza nyumbani wakague ukuta na geti halafu nitie saini kwamba sitamfunga mnyororo kutwa nzima. Mama alikua kibarazani awatazama tu, walipoondoka akasema hata wewe ulipooa hukukaguliwa hivi.

Jina aliliharibu yeye. Mama ameshona nguo Mwembe Tayari zaidi ya miaka thelathini, nlipomwambia mbwa anaitwa Duke akasikia Juki. "Sasa mbwa mwampaje jina la cherehani?" Tukacheka wote, likabaki hilo, na Mungu si Athumani akilala alikua akikoroma hivo hivo, trrr, anyamaza, trrr, kama mtu apiga pindo la shela.

Ulinzi kusema kweli hakua nao. Mwizi wa tatu hakuja ila sijui ni Juki ama ni ile taa nlofunga nyuma. Alikua mwoga. Fataki za Diwali zikianza aingia chini ya meza ya kushonea, mkokoteni ukipita nje na yale magurudumu yake ya kelele, chini ya meza. Na ni mama, huyo huyo wa kurudi Kaloleni, alomtandikia kipande cha leso hapo chini na hakuna mtu aloruhusiwa kukiondoa. Pikipiki yangu aliijua tokea kule stejini, ziko pikipiki mia zapita hii barabara lakini yangu tu ndo alosimamia lile sikio la kuanguka.

Mchuuzi wa samaki wa baiskeli hupita kwetu Jumanne na Ijumaa. Mama hununua changu, vichwa huvichemsha kando kwenye kisufuria kilichotoboka mpini, halafu akaa kwa kigoda atoa miba kwa vidole, mmoja mmoja, aipanga ukingoni mwa sahani, huku amtukana Juki "kula jitu wewe, kazi yako kulala na kunya". Miaka kumi na kitu kila Jumanne na Ijumaa nimesikia matusi hayo.

Tangu Juni alikua mgonjwa. Maji anywa bakuli zima wampa lengine, mkojo ovyo, pumzi yanuka, akakonda hadi lile kovu la shingo likakunjana. Daktari wa mifugo alipima damu akasema figo zimekwisha, akawekewa maji siku nne, siku ya tano hata kichwa hakuinua. Usiku ule nlimlaza sebuleni kwenye gunia, asubuhi mama alimkuta chini ya meza ya cherehani. Alijikokota mwenyewe.

Kumzika nako kulikua kazi. Nyuma ya nyumba ni mchanga futi moja tu kisha jiwe, ndo hili hili jiwe la matumbawe lisagwalo simiti hapo Bamburi, jembe liligonga likaruka. Nkakaa chini nkalia, sioni haya kusema. Babu jirani yetu, mtu wa swala tano, ambae miaka yote akipita kwetu alikua akiinua kanzu na kupita upande wa pili (na Juki mwenyewe alijua, akimuona babu arudi nyuma aketi) alisikia, akaja na mtaimbo. Hakusema kitu. Alisimama pale hadi nikafika futi nne, akachukua mtaimbo wake akaenda.

Sasa maswali. La kwanza, binti yangu wa miaka tisa hataki bakuli la Juki liondolewe, na mke wangu ataka twende tukachukue mwengine mwezi huu huu kwa ajili ya mtoto. Mtoto naye asema akija mwengine hatampa hata maji. Twende ama tungoje? La pili ni mama. Kila Jumanne na Ijumaa bado achemsha vile vichwa, atoa miba, aenda kuweka pale mlango wa nyuma. Hasemi kitu. Kunguru ndo wala. Nimwambie aache ama ninyamaze?

kaptula_ya_likoni

Kaka pole lakini wacha tuambiane ukweli, mbwa ni mbwa. Watu wamekosa unga na nyinyi mwatoa miba ya samaki. Mimi kwetu mbwa alikua akifa babangu amfunga kwenye gunia, asubuhi hayupo, hakuna kikao. Chukua mwengine maisha yaende.

shoga_wa_tudor

@kaptula_ya_likoni mtu ameuliza kwa adabu jibu kwa adabu ama upite. Kwani huyo mbwa alikula unga wako?

@mkimya pole sana kakangu. Mimi nitajibu la mtoto tu maana hilo nlilikosea na najuta. Mbwa wetu Popi aligongwa na matatu 2016, mwanangu wa kiume alikua na miaka mitano, tukaona tusimuumize, tukamwambia Popi amepelekwa Voi shambani kwa ami yake akalinde mbuzi. Akakubali vizuri, hata hakulia, mimi nkajiona mjanja. Treni ya SGR ilipoanza 2017 tukapanda kwenda Nairobi, mwanangu kakaa dirishani kimya tangu Miritini, mimi nadhani afurahia tembo. Tulipofika stesheni ya Voi akasimama juu ya kiti akaanza kuita kwa sauti, "Popi! Popi!" Watu wote wa behewa wageuka. Treni ikaondoka yeye bado kashika kioo. Sitasahau. Ikabidi nimwambie ukweli pale pale kati ya Voi na Mtito Andei, na kilichomuuma si Popi kufa, ni kwamba sisi tulijua.

Kwa hivo shukuru kwamba wako amejua na ameona. Bakuli liache. Lakae hapo hata miezi sita, ni bakuli tu, halili chochote. Na usimlete mbwa mwengine kwa siri eti umfurahishe, mpe yeye ndo aseme siku. Na mkienda msitafute wa rangi ile ile, mtamlinganisha masikini wa watu mpaka achukie.

binti_mjikale

Nimeguswa na huyo babu na mtaimbo wake walahi. Mimi Muislamu wa Mji wa Kale, na hapa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa waosha mara saba moja wapo kwa mchanga, ndo maana mwaona wazee wainua kanzu, si chuki. Na kwa wasiojua, madhehebu ya Maliki wao wasema mbwa ni tohara, yaani si najisi. Lakini watu huchukua hilo la najisi wakaligeuza ruhusa ya kumpiga mawe mbwa, na hilo halimo kabisa. Kufuga mbwa wa kulinda na wa mifugo imeruhusiwa. Na kwenye Suratul Kahf, wale vijana wa pangoni walikua na mbwa wao, ametajwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, amelala nao miaka yote ile. Na iko hadithi ya yule mtu alomkuta mbwa ala udongo kwa kiu, akateremka kisimani akajaza khufu yake (kiatu cha ngozi) maji akaing'ata kwa meno akapanda nayo juu, akamnywesha, Mungu akamsamehe. Maswahaba wakauliza kwani hata kwa wanyama twapata thawabu? Wakajibiwa ndio, kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai.

Kwa hivo babu alijua afanyalo. Mpelekee halua.

@kaptula_ya_likoni na wewe usijifanye, watu hawahawa wa Mombasa walijaza magari Bamburi kwenda kumtazama yule kiboko mdogo alookolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akashikana na kobe mzee pale Haller Park, akawa alala nae na amfuata kila mahali. Hakuna alosema ni kiboko tu.

kaptula_ya_likoni

Kiboko alileta watalii dada 😂 haya nimenyamaza

zamu_ya_usiku

Mimi ni askari, nimelinda mahoteli na majumba ya watu Shanzu na Nyali miaka kumi na sita, minane kati ya hio nkiwa na mbwa wa kampuni. Watu hawajui urafiki wa mtu na mbwa saa tisa usiku mvua ya Mei yapiga. Wangu nlimrithi kwa askari mwengine aloacha kazi, jike, mweusi, miezi miwili ya kwanza hakunitazama usoni. Siku moja nlikua nimesinzia (msinishtaki) akaniuma mkono wa koti, akaushika tu, hakubweka. Kufungua macho naona mtu yuko juu ya ukuta. Toka hapo chapati yangu ilikua nusu yangu nusu yake.

Mbwa wa kampuni akizeeka huna usemi. Siku moja nimeripoti zamu nkaambiwa leo utalinda peke yako, yule amepumzishwa. Basi. Kamba yake nlikua nayo mimi, imening'inia hapa nyumbani kwangu Utange kwenye msumari nyuma ya mlango, mke wangu huanika kanga juu yake. Nkifunga mlango usiku buckle yagonga mbao, tik. Sijui kwa nini nimeandika haya, nlitaka tu kumwambia huyu ndugu kwamba mwache mama na vichwa vyake vya samaki. Hukumwambia aanze, usimwambie aache.

mhudumu_mifugo_msa

Pole ndugu. Mimi nafanya kazi na daktari wa mifugo hapa kisiwani, si daktari mimi, ni msaidizi, lakini mbwa wa figo nimewashika wengi. Yule ulochukua 2014 akiwa na miwili, hio ni kumi na zaidi, kwa mbwa wa kwetu umemlea vizuri sana, wengi wa mtaani hawafiki hata mitano. Kovu la waya lile nalijua pia, ni mbwa alofungwa mdogo akakua waya usikue.

Hapa pwani jambo moja watu hawaliangalii ni kupe. Yule kupe wa hudhurungi hajali msimu hapa kwetu, joto lipo mwaka mzima, na ile homa ya kupe yaweza kukaa mwilini mwa mbwa miezi, hata miaka, kimya kimya, yala damu na figo. Mtazameni ufizi, ukiona mweupe kama karatasi usingoje kesho.

Na kwa wengine wasomao hapa maana kila mwezi nakutana nalo: mbwa akidungwa ile sindano ya mwisho, mzikeni chini sana kama huyu ndugu alivozika. Dawa ile yabaki kwenye nyama, kunguru akila au mbwa mwengine akifukua naye afa.

Sasa @mkimya nna swali, jibu ukitaka. Kabla ya Juni alikua akipewa dawa yoyote ya nyumbani?

shoga_wa_tudor

Mbona wauliza hivo jamani mtu yuko msibani

mhudumu_mifugo_msa

Nauliza kwa sababu nimeona ameandika maneno mengi kuhusu kuzika na maneno machache sana kuhusu kuumwa. Akikataa kujibu sina neno.

mkimya_wa_kiembeni

Nimekaa na hili swali lako siku mbili.

Ndio. Mwezi wa tano alianza kuchechemea mguu wa nyuma, akipanda ngazi ya kibaraza alia. Nlikua sina pesa wiki ile, karo nimetoka kulipa, kumuita daktari ni elfu tatu na kitu kabla hajagusa mbwa. Nkaenda duka la dawa, nkaeleza, yule mtu akanambia diklofenaki, hata mtu ameza, mpe nusu. Nkampa nusu ya kidonge cha miligramu hamsini asubuhi na jioni, siku nne, nasaga kwa kijiko natia kwenye ugali ndani ya ule mchuzi wa vichwa. Na akapata nafuu! Siku ya pili alikimbia hadi getini. Nkajipiga kifua. Siku ya tano akatapika nkaacha.

Baadae ndo nkasoma. Hakuna nlomwambia, si mke wangu si mama. Daktari aliniuliza swali kama hili lako nkasema hapana. Nlisema hapana mbwa akiwa amelala pale mezani anitazama. Kwa hivo swali langu la kweli ni hili, yale maswali ya mwanzo mengine nlikua nayazungukia tu: ni mimi nlomuua?

zamu_ya_usiku

Ndugu yangu. Nimesoma. Niko hapa.

mhudumu_mifugo_msa

Ahsante kwa kusema. Sitakudanganya na sitakupiga.

Diklofenaki si dawa ya mbwa. Na hata brufeni na ndugu zake wote wa watu, mwili wa mbwa hauziwezi kama wetu, zinachubua tumbo na zinabana damu iendayo kwenye figo. Mtu alokuuzia hakujua, wewe hukujua, na nusu ile kwa mbwa wa kilo zake ni nyingi. Ziko dawa za maumivu za mbwa, zapimwa kwa kilo, na hata hizo mbwa mwenye figo mbovu hupewa kwa hadhari kubwa ama hapewi kabisa.

Lakini upande wa pili usikilize vilevile. Figo huwa hazilalamiki mapema. Mbwa huanza kunywa maji sana na kukojoa sana wakati zaidi ya nusu ya figo ishaenda, wataalamu husema kama theluthi mbili. Kwa hivo jiulize kitu kimoja tu: yale maji ya bakuli zima yalianza lini? Baada ya vidonge ama kabla?

mkimya_wa_kiembeni

Nimekaa nikahesabu. Mama alianza kulalamika Pasaka. Nakumbuka kwa sababu watu walikua wamekuja kwetu na yeye akasema mbele ya wageni huyu Juki anywa maji kama lori la Mariakani. Tukacheka. Pasaka ilikua Aprili.

mhudumu_mifugo_msa

Basi zilikua zishaanza. Vidonge vyaweza kua vilimsukuma, sitasema havikufanya kitu. Vingempunguzia wiki, ama miezi, hilo hakuna wa kukwambia kwa uhakika sasa. Ila mbwa mzee, figo zishaondoka, na yawezekana kupe wa miaka ile kabla hujamjua, safari ilikua hio hio.

Lile la kumficha daktari ndo ningekugombeza kidogo. Si kwa Juki, kwake huenda lisingebadili. Ni kwamba siku nyengine ukiulizwa useme, hata kama ni aibu. Sisi twasikia mabaya zaidi kila siku, watu wapaka mbwa oili chafu ya injini kutibu upele, wanasema mbele yetu bila haya yoyote.

binti_mjikale

Mwambie mamako. Si kwa sababu ni lazima, lakini hivo vichwa vya samaki vimekua kama vyakushtaki wewe kila Jumanne.

shoga_wa_tudor

Hapo sasa naunga mkono. Na samahani @mhudumu, nlikurukia.

zamu_ya_usiku

Mwambie akiwa atoa miba, mikono ikiwa na kazi mtu husikia vizuri.

mkimya_wa_kiembeni

Wadau nimerudi. Leo Ijumaa.

Nlingoja mchuuzi apite, mama akanunua changu watatu, akakaa kwenye kigoda chake na kile kisufuria. Nkakaa chini karibu nae, kitu ambacho sijafanya tangu niko shule. Akanitazama hivi akaendelea. Nkaanza, mama lile jambo la Juki, mwezi wa tano nlimpa dawa ya duka. Nkamueleza yote, hamsini, nusu, kijiko, daktari, hapana. Sauti ikanikata.

Hakuacha kutoa miba. Akasema, "Najua."

Nkasema wajuaje?

Akasema kwani bakuli lake lilikua laoshwa na nani. Aliona unga mweupe umeganda ukingoni, siku ya kwanza akadhani chumvi, siku ya pili akaonja kwa ncha ya ulimi. Ameonja! Ati kikali hivi. Akajua ni dawa na akajua ni mimi, maana bintangu hafiki kwenye kabati la dawa. "Nkasema huyu mwanangu hana pesa ya daktari na haniombi." Pesa alikua nazo. Alikua na elfu sita za mtu wa sare za kwaya, zimefungwa kwenye leso. Alingoja nimuombe na mimi sikuomba, na yeye hakunipa, na ndo jambo lamkalia yeye kooni wiki zote hizi wakati mimi nadhani ni kiburi ama amepotewa na akili kuwekea mbwa alokufa chakula.

Tukakaa. Mwiba mmoja ulimchoma akanyonya kidole. Halafu akaniambia nimpe sahani.

Kuhusu maswali ya mwanzo kwa sababu mmenijibu vizuri: bakuli lapo, bintangu ametia maji na amelipeleka kaburini juu ya lile jiwe, ndege wanakunywa. Mke wangu ameketi na yeye wamekubaliana baada ya likizo ya Disemba ndo watakwenda kule kituoni, kutazama tu, na mtoto ametoa sharti lake kwamba awe jike na awe mzee kidogo kwa sababu "wadogo watachukuliwa na watu wengine". Sijui hilo amelitoa wapi. Halua nlimpelekea babu, ile nyeusi ya lozi, alipokea kwa mikono miwili akaniuliza kama lile shimo halijatitia na mvua. Nkamwambia halijatitia. Akasema likititia nimwite, mtaimbo upo.

@mhudumu nimempigia daktari pia. Nimemwambia. Alinyamaza kidogo halafu akaandika, nlisikia kalamu.

mhudumu_mifugo_msa

Safi. Mkienda kumchukua huyo mzee wa binti yako ulizeni kadi ya sindano ya kichaa ni ya lini, hurudiwa, usione imeandikwa ukadhani ni ya maisha. Na mumcheki kupe masikioni kwa ndani na katikati ya vidole, hapo ndo hujificha.

kaptula_ya_likoni

Nimesoma uzi wote tena. Babangu alipokua akifunga lile gunia alikua akienda nalo usiku peke yake mbali sana, na hakuna alokua akiruhusiwa kumfuata. Leo ndo nimejiuliza alikua akikaa wapi saa zote zile. Pole mkimya. Picha ya Juki unayo?

mkimya_wa_kiembeni

Nnayo moja nzuri lakini yakataa kupanda, bando. Yuko chini ya meza, waonekana mguu wa mama kwenye pedeli na pua yake pembeni.

Mama vichwa vya leo ameweka tena mlango wa nyuma kama kawaida, sikusema kitu. Lakini kunguru hawakuwahi. Kuna paka mmoja wa jirani, wa rangi tatu, ashaanza kujua saa.